Kompyuta Inaposahau: Namna ya Kuchunguza Kumbukumbu ya Mashine Mpya

Hitilafu za mashine ni za aina mbili. Aina ya kwanza ni ile inayojitangaza: trekta linakataa kuwaka, pampu haitoi maji, redio imenyamaza. Hitilafu hiyo huudhi, lakini haimdanganyi mtu, kwani mwenye chombo anajua tangu mwanzo kwamba chombo chake kimeharibika. Aina ya pili ni ile inayojificha. Mizani iliyopinda kidogo huendelea kupima mahindi kila siku ya gulio, na kila anayepimiwa huondoka akiamini kwamba amepata haki yake. Hitilafu ya kumbukumbu ya kompyuta ni ya aina hii ya pili, na ndiyo maana inastahili kuelezwa kwa kirefu.

Katika makala haya tutaeleza kumbukumbu ya kompyuta ni kitu gani, kwa nini wakati mwingine inapoteza kile ilichokabidhiwa, na kwa utaratibu gani mwalimu na wanafunzi wake wanaweza kuitafuta hitilafu mpaka wakaipata. Msomaji ataona kwamba kinachohitajika zaidi ni njia ile ile ya sayansi inayofundishwa katika maabara: kubadili jambo moja kwa wakati mmoja, na kuandika matokeo.

Mfano wa Dirma

Tuchukue shule moja ya sekondari katika Dirma, kwenye nyanda za juu za Mbulu na Hanang mkoani Manyara. Shule yenyewe ni ya mfano tu, lakini mambo tutakayoyasimulia yanaweza kuipata shule yoyote. Baada ya mavuno, shule imeuza mahindi na maharage ya shamba lake. Kwa fedha hizo mwalimu wa fizikia amenunua mjini Arusha sehemu za kompyuta ya mezani: sanduku, bodi kuu, prosesa, pawasaplai, diski, na vipande viwili vya kumbukumbu, ambavyo mafundi huviita ramu, kila kimoja cha gigabaiti 8. Yeye na wanafunzi wa kidato cha tatu wameziunganisha sehemu hizo kwa mikono yao wenyewe. Mashine imewaka mara ya kwanza walipobonyeza swichi, na darasa zima limepiga makofi.

Siku ya tatu matata yanaanza. Mara skrini inageuka rangi ya buluu na mashine inajizima. Mara programu ya kuandikia inajifunga yenyewe katikati ya kazi. Faili lililonakiliwa kutoka kwenye flashi linakataa kufunguka. Likinakiliwa tena, linafunguka. Kisha kwa siku mbili mashine inafanya kazi vizuri, hata watu wanaanza kusahau yaliyopita. Kila mtu ana maelezo yake. Mmoja anasema ni virusi vya kompyuta. Wa pili analaumu umeme unaopanda na kushuka. Wa tatu anadai kwamba duka limewauzia vitu bandia.

Wakati huohuo mwalimu wa taaluma anaiomba mashine ili aingize alama za muhula za wanafunzi wote. Je, apewe?

Tuone kinachoweza kutokea. Mwanafunzi amepata alama 57. Katika mfumo wa namba wa mbili, yaani ule wenye tarakimu 0 na 1 tu, 57 huandikwa 0111001, kwa kuwa 57 ni jumla ya 32, 16, 8 na 1. Ikiwa ile tarakimu moja inayosimama mahali pa 16 itageuka kutoka 1 kuwa 0, namba inakuwa 0101001, nayo ni 41. Mwanafunzi wa daraja C ameshushwa hadi daraja D, na hakuna kengele iliyolia. Programu nyingine huhifadhi namba kwa mpango tofauti na huu, lakini kanuni ni ile ile: biti moja ikigeuka, habari imebadilika.

Jambo la namna hii limewahi kuonekana katika shughuli nzito ya taifa. Tarehe 18 Mei 2003 nchi ya Ubelgiji ilifanya uchaguzi, na baadhi ya maeneo yalitumia kompyuta katika upigaji kura. Huko Schaerbeek, mjini Brussels, mgombea mmoja alionekana amepata kura za ziada 4,096. Kosa liligunduliwa kwa sababu tu kura zake zilizidi idadi iliyowezekana. Lau zingekuwa chache kidogo, pengine zingepita bila kutiliwa shaka. Wachunguzi waliitazama namba hiyo, wakaona kwamba 4,096 ni 2 kwa kipeo cha 12. Biti ya kumi na tatu katika hesabu ya mgombea huyo ilikuwa imegeuka kutoka 0 kuwa 1. Hakuna kosa lililopatikana katika programu. Walihitimisha kwamba biti hiyo iligeuka yenyewe ndani ya kumbukumbu, na chanzo chake hasa hakikuthibitishwa.

Kwa hiyo jibu kwa mwalimu wa taaluma ni la wazi: asipewe mashine mpaka ichunguzwe.

Kumbukumbu ni ndoo inayovuja

Serikali ya Tanzania ilifunga kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, na marufuku hiyo ililegezwa baadaye. Kompyuta nyingi za miaka ya 1960 zilihifadhi biti zake katika vipete vidogo sana vya sumaku vilivyotungwa kwenye nyaya kama shanga. Kipete kimoja kilishika biti moja. Vipete hivyo vilikuwa ghali na vilichukua nafasi kubwa, lakini vilikuwa na sifa moja njema: umeme ulipozimika, havikusahau.

Mwaka 1966 Robert Dennard, mhandisi wa kampuni ya IBM huko Marekani, alibuni njia nyingine, naye akapata hataza yake mwaka 1968. Alitumia transista moja na kapasita moja kwa kila biti. Kapasita, kama wanafunzi wa fizikia wajuavyo, ni chombo kinachohifadhi chaji ya umeme. Ikiwa na chaji, tunasoma 1. Ikiwa tupu, tunasoma 0. Transista ni mlango wa kuingizia na kutolea chaji hiyo. Mwaka 1970 kampuni ya Intel ilianza kuuza chipu yenye biti 1,024 zilizohifadhiwa kama chaji. Leo kipande kimoja cha gigabaiti 8 kina seli 68,719,476,736. Msomaji anaweza kuthibitisha mwenyewe: azidishe 8 kwa 2 kwa kipeo cha 30, kisha azidishe tena kwa 8, maana baiti moja ina biti nane.

Lakini kapasita hizi ni ndogo mno. Kila moja hushika elektroni makumi ya maelfu tu, nazo huvuja. Tufikirie ndoo yenye tundu dogo chini. Tukitaka kujua kesho kama ndoo hiyo ilijazwa leo, hatuna budi kuitazama kabla maji hayajaisha, na tukiikuta bado ina maji, tuijaze tena mpaka juu. Ndivyo kompyuta inavyofanya. Kwa kawaida kila seli husomwa na kujazwa upya katika kila milisekunde 64. Kazi hiyo hugawanywa katika amri 8,192, kwa hiyo amri moja hutolewa kila baada ya maikrosekunde 7.8 hivi. Chipu ikipata joto la kupita nyuzi 85 za Selsiasi, kazi hiyo hufanywa mara mbili zaidi, kwa kuwa joto huongeza uvujaji.

Hapo tunaona sababu ya kwanza ya usahaulifu. Kati ya seli bilioni 68, ikiwapo moja tu ambayo tundu lake ni kubwa kuliko ilivyokusudiwa kiwandani, seli hiyo itakuwa imekwisha maji kabla ya zamu yake ya kujazwa kufika. Nayo haitakosea kila mara. Itakosea pale tu inapokabidhiwa 1, na pengine pale tu mashine inapokuwa na joto. Ndiyo maana kompyuta ya Dirma inaweza kufanya kazi vizuri asubuhi ya baridi na kuanza matata mchana.

Mwendo wa kasi na njia nyembamba

Sababu ya pili ni kasi. Ramu ya aina ya DDR4 yenye alama ya 3200 hupitisha biti mara milioni 3,200 kwa sekunde katika kila waya wa data. Hivyo kila biti ina nafasi ya sehemu 0.3125 kati ya sehemu bilioni moja za sekunde. Katika muda huo mwanga wenyewe husafiri sentimeta 9.4 tu katika ombwe, na ishara ya umeme katika bodi huenda takriban nusu ya hapo. Vumbi kwenye mguso wa dhahabu, kipande ambacho hakikuingia sawasawa, au volti iliyopungua kidogo, vyote vinatosha kuifanya biti ichelewe na kusomwa vibaya.

Hapa wengi hupotea. Namba kubwa iliyochapishwa kwenye kibandiko cha ramu si lazima iwe kasi ambayo mashine itaanza nayo. Kila kipande hubeba chipu ndogo yenye maelezo yake, na mara nyingi maelezo hayo yana sehemu mbili. Sehemu moja ni kasi ya kawaida iliyokubaliwa na viwanda vyote. Ya pili ni kasi ya juu ambayo mtengenezaji amejaribu kipande chake kuifikia, pengine kwa volti 1.35 badala ya zile 1.2 za kawaida ya DDR4. Anayeunganisha kompyuta huiwasha kasi ya juu katika bayosi, yaani programu ya kwanza inayoamka swichi ikibonyezwa. Lakini kasi hiyo haitegemei ramu peke yake. Inategemea pia prosesa, ambayo ndani yake kuna kidhibiti cha kumbukumbu, na bodi kuu yenye nyaya zinazoviunganisha. Ng'ombe wawili waliofungwa nira moja huenda kwa mwendo wa yule mzito. Vivyo hivyo, ramu nzuri na prosesa nzuri vinaweza kushindwana kwa kasi ambayo kimoja hakiimudu.

Je, si miale ya angani?

Mwanafunzi aliyesoma sana anaweza kuuliza swali la maana: je, haiwezekani kwamba miale kutoka angani ndiyo inayogeuza biti? Inawezekana. Mwaka 1978 Timothy May na Murray Woods wa kampuni ya Intel walionyesha kwamba chembe za alfa zinazotoka katika mabaki madogo ya uraniamu na thoriamu ndani ya vifuniko vya chipu ziligeuza biti. Mwaka 1979 James Ziegler wa IBM na William Lanford wa Chuo Kikuu cha Yale walieleza kwamba nyutroni zinazozaliwa na miale ya kosmiki angani zinaweza kufanya vivyo hivyo. Nyutroni hizo huongezeka kadiri mtu anavyopanda juu, kwa kuwa hewa inayozizuia inapungua. Kwa hesabu hiyo, kompyuta iliyo karibu na Mlima Hanang hupigwa na nyutroni nyingi kuliko kompyuta iliyo pwani ya Tanga. Kwa upande mwingine, sisi tulio karibu na ikweta tunakingwa zaidi na usumaku wa dunia kuliko watu wanaoishi karibu na ncha zake.

Hata hivyo, maelezo haya yasitufanye wavivu. Nyutroni haichagui: leo itapiga seli hii, na safari nyingine itapiga seli iliyo mbali kabisa. Haiiharibu seli, bali huigeuza mara moja tu, na matukio hayo ni ya nadra kwa mashine moja. Kosa likirudi siku baada ya siku, tena katika anwani ile ile ya kumbukumbu, haliwezi kuwa la angani. Lina chanzo ndani ya sanduku. Mwaka 2009 Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto pamoja na wataalamu wa kampuni ya Google walitangaza matokeo ya kuchunguza maelfu ya kompyuta za kampuni hiyo kwa muda wa miaka miwili na nusu. Waliona kwamba zaidi ya vipande 8 katika kila 100 vya ramu vilipata kosa angalau moja kwa mwaka, na kwamba dalili zilielekeza zaidi kwenye ubovu wa vifaa kuliko kwenye migongano ya bahati. Basi tuanze kutafuta karibu kabla ya kutazama mbinguni.

Utaratibu wa uchunguzi

Hatua ya kwanza ni daftari. Andika tarehe, saa, kazi iliyokuwa ikifanyika, na maneno yaliyotokea kwenye skrini. Nakili mafaili yote ya maana kutoka kwenye mashine, na usiingize mapya yenye thamani.

Hatua ya pili ni kupata kipimo kisichotegemea maoni ya mtu. Zipo programu za kupima kumbukumbu, mojawapo ikiwa Memtest86+, ambayo hutolewa bure. Huwekwa kwenye flashi kwa kutumia kompyuta nyingine iliyo nzima, kisha mashine inayoshukiwa huwashwa kutoka kwenye flashi hiyo. Programu huandika mipangilio mbalimbali ya 0 na 1 katika kumbukumbu, huisoma tena, na kulinganisha. Ikipata tofauti, huonyesha anwani ya kosa. Hapa hakuna alama ya kufaulu kwa wastani. Kumbukumbu nzima ina makosa sifuri. Kosa moja katika usiku mzima ni kosa. Faida nyingine ni kwamba jaribio hili halitumii mfumo wa kawaida wa kompyuta wala diski. Likionyesha makosa, virusi vimekwisha kuondolewa katika orodha ya washukiwa.

Hatua ya tatu ni kurudisha mipango yote ya bayosi katika hali ya awali ili kumbukumbu iende kwa kasi ya kawaida, kisha kupima tena. Makosa yakitoweka, hitilafu ilikuwa katika kasi, na dawa ni kukubali kasi ndogo. Kwa kazi za shule tofauti yake ni vigumu kuonekana, na alama za wanafunzi ni bora kuliko haraka ya mashine. Wakati mwingine toleo jipya la bayosi linalotolewa na mtengenezaji wa bodi huondoa tatizo hilo, lakini lisiwekwe siku ambayo umeme unakatika ovyo, kwani likikatizwa katikati bodi yenyewe inaweza kushindwa kuwaka.

Hatua ya nne ni kukagua jinsi vipande vilivyochomekwa. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza swichi ya kuwashia mara moja ili chaji iliyobaki itoke. Kabla ya kugusa chochote, gusa chuma kitupu cha sanduku. Wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu na mtu amevaa sweta au shuka ya sufu, mwili hujikusanyia umeme tuli. Binadamu hahisi cheche mpaka ifike volti 3,000 hivi, lakini chipu inaweza kuumizwa na volti chache mno kuliko hizo. Shika kipande kwa kingo zake. Kagua migusano ya dhahabu, ipanguse taratibu kwa kitambaa safi kikavu, na urudishe kipande kwa kukikandamiza pande zote mbili mpaka vibanio vifunge kwa mlio. Katika bodi nyingi zenye nafasi nne, vipande viwili hukaa katika nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Kitabu cha bodi ndicho chenye neno la mwisho. Kisha pima tena.

Hatua ya tano ndiyo kiini cha uchunguzi wote. Weka alama A na B kwenye vipande viwili vya ramu. Pima A peke yake katika nafasi ya pili. Kitoe, pima B peke yake katika nafasi hiyo hiyo. Halafu rudia yote mawili katika nafasi ya nne. Utapata matokeo manne, nayo yatajieleza yenyewe.

Ikiwa A inakosea katika nafasi zote mbili na B haikosei popote, ubovu umo katika kipande A.

Ikiwa A na B zote hukosea katika nafasi ya nne na kufaulu katika nafasi ya pili, usilaumu ramu. Tazama nafasi ya nne ya bodi kuu, au mahali prosesa inapokaa: pini iliyopinda, uchafu, au kipoza joto kilichokazwa upande mmoja kuliko mwingine.

Ikiwa kila kipande hufaulu kikiwa peke yake popote, lakini vikiwa pamoja vinakosea, basi ubovu umo katika ushirikiano wao. Pengine si pacha waliouzwa pamoja, au kidhibiti hakimudu kasi hiyo kikiwa na mzigo wa vipande viwili.

Ikiwa vyote hukosea kila mahali, fikiria kitu kinachovihusu vyote: pawasaplai, joto, bodi au prosesa. Azima pawasaplai iliyo nzima na upime tena.

Msomaji atagundua kwamba aliyebadili ramu, pawasaplai na mipango ya bayosi kwa siku moja hatajua kamwe ni kipi kilichoponya. Mashine yake inaweza kupona, lakini yeye hajajifunza kitu. Na huenda ametupa kipande kizima kilichogharimu magunia ya mahindi.

Jaribio lichukue muda gani?

Wengi hupima kwa dakika ishirini, hawaoni kosa, wakatangaza ushindi. Hapa hisabati inatuonya. Tuseme mashine hukosea kwa wastani mara moja katika saa 3, bila mpangilio maalumu. Uwezekano wa kupita saa t bila kosa ni e kwa kipeo cha hasi t juu ya 3. Kwa jaribio la saa moja, jibu ni 0.72. Maana yake, mashine mbovu ina nafasi 72 katika 100 za kufaulu mtihani wa saa moja. Kwa saa 9 nafasi hiyo hushuka hadi 5 katika 100, na kwa saa 12 huwa chini ya 2 katika 100. Kwa hiyo jaribio lifanywe usiku kucha, na baada ya kila badiliko lichukue muda ule ule, ili matokeo yalinganishwe kwa haki. Hata hivyo, kufaulu hakuthibitishi kabisa kwamba hakuna ubovu. Kunapunguza shaka tu. Kosa likionekana, shaka huisha.

Mchezo wa mahindi na maharage

Je, kompyuta yenyewe haiwezi kutambua kosa lake? Inaweza, ikijengwa hivyo. Mwaka 1950 Richard Hamming wa maabara ya Bell huko Marekani alitangaza njia ya kuongeza biti chache za ukaguzi ili kosa lionekane na kusahihishwa. Ramu za kompyuta kubwa za mabenki na vituo vya utafiti huweka biti 8 za ukaguzi kwa kila biti 64 za habari. Kosa la biti moja husahihishwa, na la biti mbili hutambuliwa. Kompyuta nyingi za mezani hazina ulinzi huo kamili.

Wazo lenyewe linaweza kuonyeshwa darasani bila umeme wowote. Panga mezani punje 16 katika mistari minne ya punje nne nne. Mahindi yawe 0 na maharage yawe 1, kwa mpangilio wowote. Mwishoni mwa kila mstari na chini ya kila safu ongeza punje moja, ukichagua hindi au haragwe ili idadi ya maharage katika kila mstari na kila safu iwe shufwa. Pembeni ongeza ya mwisho kwa kanuni hiyo hiyo. Sasa geuka, na mwanafunzi abadilishe punje moja, hindi kwa haragwe au haragwe kwa hindi. Ukirudi, tafuta mstari wenye maharage ya idadi witiri, na safu yenye idadi witiri. Vinapokutana ndipo punje iliyobadilishwa ilipo. Kisha wanafunzi wajaribu kubadilisha punje mbili katika mstari mmoja, na waeleze kwa nini kosa bado linaonekana lakini haliwezi tena kusahihishwa.

Neno la mwisho

Turudi Dirma. Tuseme uchunguzi umeonyesha kwamba kipande A kinakosea katika nafasi zote mbili, hata kwa kasi ya kawaida, na anwani ya kosa ni ile ile. Shule inakirudisha dukani pamoja na risiti na daftari la majaribio, na kama vipande viliuzwa kama pacha, vinarudishwa vyote viwili. Muuzaji anaweza kubishana na malalamiko, lakini ni vigumu kubishana na kurasa zenye tarehe, saa na anwani. Wakati wa kusubiri, mashine inaweza kutumika kwa kipande B peke yake, maana hicho kimepimwa. Hata baada ya mashine kupona, mwalimu wa taaluma aendelee kuweka alama katika daftari la karatasi, na baada ya kuingiza alama alinganishe jumla ya kila mkondo na ile ya daftari. Hiyo nayo ni biti ya ukaguzi, ingawa imeandikwa kwa kalamu.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Walioisema hawakuijua kompyuta, lakini ushauri wao unaifaa kompyuta vilevile.

Maswali kwa wanafunzi

1. Andika 73 katika mfumo wa namba wa mbili. Biti moja ikigeuka, ni namba zipi saba unazoweza kupata, ikiwa namba imehifadhiwa kwa biti saba?

2. Mashine hukosea kwa wastani mara moja katika saa 5. Jaribio lichukue saa ngapi ili mashine hiyo mbovu iwe na nafasi isiyozidi 5 katika 100 ya kufaulu?

3. Kipande A hufaulu katika nafasi ya pili asubuhi, na kukosea katika nafasi hiyo hiyo mchana. Taja sababu mbili zinazowezekana, na ueleze jaribio moja litakalozitenganisha.